Mbwa wa jirani, mbwa wa kuazima au mbwa wako mwenyewe: Korea Kusini ijikinge vipi na bomu la Kim?

Kijiweni hoja hii huwa haina mpinzani. Gaddafi alikubali kukabidhi mitambo yake ya nyuklia Desemba 2003. Hata miaka minane haijatimia, akatolewa kwenye kalavati huko Sirte akauawa. Kim wa Korea Kaskazini akagoma, akalipua, na baadaye rais wa Marekani akapanda ndege hadi Singapore kwenda kumpa mkono. Kwa hiyo mwenye bomu haguswi, asiye nalo ni kitoweo. Mjadala unafungwa hapo, kahawa inaongezwa.

Vijana wa mdahalo ninaowasaidia wamepewa mada iliyozaliwa na hoja hiyo hiyo: "Korea Kusini itengeneze bomu lake la nyuklia." Wameniomba niwawekee njia zilizopo upande kwa upande, wajue wasimame wapi. Nimeona niyaandike vizuri, maana Korea ni mfano bora kuliko Libya. Hapa kuna nchi tajiri yenye mafundi wa kutosha, yenye adui mwenye bomu mlangoni, na yenye rafiki mwenye mabomu maelfu. Inachagua kweli, na inachagua sasa hivi.

Umbali wa Kibaha

Kutoka mpaka wa Korea mbili hadi katikati ya jiji la Seoul ni kilomita 50 hivi. Toka Posta, Dar es Salaam, ipite Kibaha kidogo, umefika kwa adui. Kati ya Wakorea Kusini milioni 51, karibu nusu wanaishi Seoul na miji inayoizunguka. Ng'ambo ya mpaka kuna mizinga na maroketi ya Kaskazini, mengi yamefichwa kwenye mapango ya milimani, na yanalifikia jiji hilo bila kuhitaji nyuklia yoyote.

Machi 1994 mjumbe wa Kaskazini aliwaambia wenzake wa Kusini, kwenye meza ya mazungumzo ya Panmunjom, kwamba Seoul itageuka bahari ya moto. Wakati huo Kaskazini haikuwa imelipua bomu hata moja. Miezi michache baadaye serikali ya Clinton ilipima kukipiga kwa ndege kituo cha nyuklia cha Yongbyon, ikaacha. Kila hesabu waliyopiga iliishia Seoul kuungua.

Hapo ndipo hoja ya kijiwe inapopasuka. Vita vya Korea vilisimamishwa tarehe 27 Julai 1953. Kaskazini ilijaribu bomu lake la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006. Katikati ni miaka 53, na ndani ya miaka yote hiyo hakuna aliyeivamia. Ilikuwa inalindwa na mizinga iliyoelekezwa Seoul, na China iliyo mgongoni mwake, yenye mkataba wa kuitetea tangu 1961. Gaddafi hakuwa na mji wa adui wa kuushika koo, wala mkubwa wa kumkimbilia. Bomu lilimkuta Kim tayari ana ukuta. Yeye akaongeza seng'enge juu yake.

Nasema haya mapema kwa sababu anayetaka kuilinganishia Korea Kusini njia zake lazima aanze na swali hili: ukuta uliopo tayari una nguvu kiasi gani?

Kibao cha getini

Ukipita mitaa yenye mageti utakutana na kibao: HAPA KUNA MBWA MKALI. Mwizi akishakisoma akaondoka, mbwa hajamng'ata mtu. Kazi imefanywa na imani ya mwizi. Kujikinga kwa nyuklia ni biashara hiyo hiyo. Lazima uwe na mbwa, lazima uwe tayari kumfungulia, na mwizi lazima aamini kwamba utamfungulia. Ukikosa la tatu, mawili ya kwanza ni gharama ya nyama tu.

Na kuna vitu ambavyo mbwa havizuii. Hazuii mtu kukutupia taka ukutani usiku. Tarehe 26 Machi 2010 manowari ya Korea Kusini, Cheonan, ilipasuka na kuzama, wanamaji 46 wakafa. Uchunguzi wa kimataifa ukasema ni torpido ya Kaskazini, Kaskazini ikakana. Novemba mwaka huo huo Kaskazini ilikipiga kwa mizinga kisiwa cha Yeonpyeong, watu wanne wakafa. Ulinzi wa nyuklia wa Marekani ulikuwepo siku zote mbili.

Je, bomu la nyumbani lingezuia? Sioni dalili. India na Pakistan zote zilijaribu mabomu Mei 1998, na mwaka uliofuata wanajeshi wao walikuwa wanauana kwenye milima ya Kargil. Argentina iliviteka visiwa vya Falkland mwaka 1982 ikijua fika kwamba Uingereza ina nyambizi za nyuklia. Kwa hiyo, njia yoyote utakayoichagua hapa chini, usimwahidi hakimu wa mdahalo kwamba itakomesha uchokozi mdogo mdogo. Kinachopimwa hapa ni kuzuia lile kubwa.

Mbwa wa jirani: mwavuli wa Marekani kama ulivyo

Hii ndiyo njia iliyopo. Mkataba wa ulinzi ulisainiwa Oktoba 1953, wanajeshi wa Marekani wapatao 28,500 wako Korea Kusini, na ahadi ni kwamba Kaskazini ikitumia nyuklia, Marekani itaijibu kwa nguvu zake zote, nyuklia zikiwemo. Mbwa anakaa kwa jirani. Wewe umepewa neno lake.

Kasoro ya njia hii ilitajwa zamani na mtu ambaye si Mkorea. Mwaka 1961 De Gaulle, rais wa Ufaransa, alimuuliza Rais Kennedy kama kweli Marekani itakubali kuipoteza New York ili kuiokoa Paris. Ufaransa haikuridhika na jibu, na ilikuwa imeshaanza kutengeneza bomu lake. Swali hilo lilifika Seoul kwa kuchelewa lakini lilifika. Julai 2017 Kaskazini ilirusha Hwasong-14, kombora lake la kwanza la kuvuka mabara, na Novemba ikarusha Hwasong-15 lenye uwezo mkubwa zaidi. Kabla ya hapo jirani alikuwa anaahidi kumfungulia mbwa akiwa salama nyumbani kwake. Sasa mwizi anaweza kurusha jiwe likafika dirishani kwa jirani.

Marekani ililijibu swali hilo Aprili 2023, Rais Yoon Suk Yeol alipokwenda Washington. Miezi mitatu tu kabla, Yoon alikuwa ametamka hadharani kwamba nchi yake inaweza kufika mahali pa kutengeneza silaha zake. Alirudi na Tamko la Washington: Korea Kusini inathibitisha itabaki ndani ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na kwa malipo inapata kikao cha kudumu cha kupanga pamoja na Wamarekani nini kifanyike siku ya shari. Tarehe 18 Julai mwaka huo kikao cha kwanza kilikaa Seoul, na siku hiyo hiyo nyambizi USS Kentucky ikatia nanga Busan. Ina urefu wa mita 170 na inabeba makombora ya nyuklia. Nyambizi ya aina yake ilikuwa haijaonekana bandari ya Korea tangu 1981.

Angalia ugeni wa jambo hilo. Nyambizi ya makombora imeundwa ili isionekane. Kazi yake yote ni kujificha. Hapa imeletwa bandarini mchana kweupe, ikapigwa picha, rais akapandishwa ndani. Kijeshi haikuongeza chochote, maana makombora yake yangefika Pyongyang hata ikiwa katikati ya Pasifiki. Ilikuja kama kibao cha getini. Na kilichonishangaza zaidi ni msomaji wa kibao: nadhani ziara ile iliandaliwa kwa ajili ya wapiga kura wa Korea Kusini kuliko kwa Kim. Mwenye mwavuli ana kazi mbili, kumtisha adui na kumtuliza rafiki, na ya pili ndiyo ngumu.

Bei yake? Seoul inachangia gharama za wanajeshi wale; kwa mwaka 2026 makubaliano ni takriban woni trilioni 1.52. Ni fedha nyingi, lakini kwa uchumi wa Korea zinalipika. Gharama halisi ni unyonge: kila baada ya miaka minne Wamarekani wanapiga kura, na Wakorea wanakaa roho juu.

Mbwa wa kuazima: mabomu ya Marekani yarudi kwenye ardhi ya Korea

Nasema "yarudi" kwa sababu yaliwahi kuwepo. Kuanzia 1958 hadi 1991 Marekani ilihifadhi silaha za nyuklia ndani ya Korea Kusini, na mwaka 1967 zilifika karibu 950. Zilikuwa za kila namna: za mizinga, za ndege, hata za kufukia ardhini kama mabomu ya kutega. Mwaka 1991 Bush baba aliamua kuziondoa, na Desemba Rais Roh Tae-woo akatangaza kwamba nchi yake haina tena silaha hizo.

Wanaotaka zirudi wana mfano mzuri wa kuonyesha: Ulaya. Ubelgiji, Ujerumani, Italia, Uholanzi na Uturuki zinahifadhi mabomu ya Marekani ya aina ya B61, na marubani wa baadhi ya nchi hizo wanafundishwa kuyabeba kwa ndege zao wenyewe. Mkorea anauliza: Mjerumani ana nini ambacho mimi sina? Swali halali kabisa.

Ila ukiiweka njia hii ubavuni mwa ile ya kwanza, faida inakuwa nyembamba. Mnyororo wa mbwa bado anaushika jirani. Bila amri ya rais wa Marekani hakuna bomu linalofunguliwa. Ulichopata ni mbwa kuonekana uani kwako. Ulichopoteza ni kwamba uwanja wa ndege unaohifadhi mabomu unakuwa shabaha ya kwanza kabisa kwenye ramani ya Kim, wakati nyambizi hajui iliko.

Halafu kuna wenyeji. Julai 2016 serikali ilitangaza kwamba mtambo wa Marekani wa kudungua makombora, THAAD, utawekwa Seongju, wilaya ya wakulima inayosifika kwa matikiti ya njano. Huo ni mtambo wa kujikinga tu, hauna nyuklia, hauna hata baruti ya kulipua kitu ardhini. Waziri mkuu alikwenda kuwaelewesha wananchi, akapigwa mayai, akazingirwa ndani ya basi kwa saa kadhaa. Agosti, wakazi wapatao 900 walikaa mstari kwenye viti vya plastiki wakanyolewa vipara kupinga. China nayo ikakasirika kwa sababu rada ya mtambo ule inachungulia kwake. Kampuni ya Lotte, iliyotoa uwanja wake wa gofu kwa ajili ya mtambo, ilifungiwa maduka kadhaa wa kadhaa nchini China, na watalii wa Kichina waliokwenda Korea mwaka 2017 wakapungua kwa karibu nusu.

Hayo yote kwa ajili ya ngao. Kapeleke upanga. Kijana anayeitetea njia hii kwenye mdahalo ajiandae kutaja kwa jina wilaya itakayokubali. Mimi nimeshindwa.

Mbwa wako mwenyewe: bomu la Korea

Hii ndiyo njia inayopendwa mitaani Seoul. Utafiti uliotolewa Februari 2022 na Baraza la Chicago la Mambo ya Dunia uliwakuta asilimia 71 ya Wakorea Kusini wanataka nchi yao iwe na silaha zake za nyuklia. Walipotakiwa kuchagua kati ya bomu la nyumbani na mabomu ya Marekani kurudishwa, asilimia 67 walitaka la nyumbani, asilimia 9 tu ndio waliotaka ya kuletewa.

Na si wazo jipya. Mwaka 1971 Marekani iliondoa wanajeshi wapatao 20,000, na Rais Park Chung-hee akaona jirani ameanza kufungasha. Akaanzisha mradi wa siri, akazungumza na Wafaransa wamuuzie kiwanda cha kuchuja plutoni kutoka kwenye mabaki ya mafuta ya vinu. Wamarekani wakagundua. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: chagua kiwanda au chagua sisi. Januari 1976 kiwanda kikafutwa. Hata baadaye mkono haukutulia kabisa. Mwaka 2004 ilibainika kwamba wanasayansi wa Korea walikuwa wamerutubisha urani kidogo sana kwa leza mwaka 2000, bila kulitaarifu Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki.

Uwezo upo, basi. Makombora yapo: Korea Kusini ilirusha kombora la balistiki kutoka kwenye nyambizi yake Septemba 2021, kitu ambacho kabla yake kilifanywa na nchi zenye nyuklia tu. Oktoba 2024 ilionyesha hadharani Hyunmoo-5, kombora linalobeba kichwa cha tani nane cha baruti ya kawaida. Anayetengeneza kitu hicho hashindwi na bomu.

Faida yake ni moja lakini ni nzito: swali la De Gaulle linakufa. Kim hahitaji kujiuliza kama rais wa Marekani atajitoa mhanga kwa ajili ya Seoul. Seoul itajijibia yenyewe.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa nitakaa.

Bei ya kwanza ni njia yenyewe ya kufika. Watu hulinganisha Korea isiyo na bomu na Korea yenye mabomu mia kwenye nyambizi, wakachagua ya pili. Lakini huwezi kulala huna ukaamka unayo mia. Kifungu cha 10 cha ule Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia kinataka nchi inayojitoa itoe taarifa miezi mitatu kabla. Korea Kaskazini ndiyo pekee iliyowahi kujitoa, mwaka 2003, na ilikuwa imejitenga na dunia kiasi kwamba vikwazo havikuwa na cha kukata. Kusini ni kinyume chake. Inaishi kwa kuuza magari, meli na chipu. Karibu theluthi ya umeme wake unatoka kwenye vinu vya nyuklia, na mafuta ya vinu hivyo, yaani urani iliyorutubishwa, inayanunua nje kutoka kwa wauzaji ambao sharti lao la kwanza ni usitengeneze bomu. Inajenga vinu hata nje. Vile vinne vya Barakah, Abu Dhabi, ni kazi yake. Biashara hiyo nayo ingesimama. Mwanzoni mwa 2025 Wizara ya Nishati ya Marekani iliiweka Korea Kusini kwenye orodha ya nchi za kutazamwa kwa makini, na hapo hakuna aliyekuwa ametengeneza chochote.

Kwenye kipindi hicho cha katikati, una mabomu sifuri au mawili, rafiki amenuna, wauzaji wamefunga, na adui anajua kwamba akitaka kukuwahi, muda ni huu. Umefukuza mbwa wa jirani na wako bado kinda.

Bei ya pili ni ajali. Usiku wa tarehe 4 Oktoba 2022 wanajeshi wa Korea Kusini walikuwa karibu na mji wa Gangneung, pwani ya mashariki, wakijiandaa kujibu kombora ambalo Kaskazini ilikuwa imerusha juu ya Japani. Walirusha Hyunmoo-2. Likageuka, likarudi nyuma, likaangukia ndani ya kambi. Kichwa hakikulipuka, mafuta ndiyo yaliyowaka. Wakazi waliona anga imekuwa nyekundu, wakasikia kishindo, wakaanza kutumiana video wakidhani vita vimeanza. Jeshi lilikaa kimya hadi asubuhi.

Sasa fikiria usiku ule ule, Korea zote mbili zikiwa na nyuklia. Kusini ina mpango wa kuyawahi makombora ya Kaskazini kabla hayajaruka. Kaskazini ilipitisha sheria Septemba 2022 inayoruhusu kupiga kwanza, na kujibu mara moja uongozi wake ukishambuliwa. Kila mmoja anaogopa kuchelewa. Kutoka mpakani kombora linafika kwa dakika chache. Miezi saba kabla ya Gangneung, India ilirusha kwa bahati mbaya kombora likatua ndani ya Pakistan, Mian Channu. Pakistan ikavuta pumzi, ikaamua kuuliza kwanza. Kombora lile halikuwa na bomu ndani, na lilikuja siku tulivu.

Bei ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi: nani anashika ufunguo? Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 Yoon huyu huyu alitokea kwenye televisheni akatangaza sheria ya kijeshi. Askari wakatua bungeni kwa helikopta, wakavunja madirisha. Spika na wabunge wakaruka ukuta kuingia, mmoja akijirusha mubashara kwa simu. Kura zikapigwa, 190 kwa sifuri, tangazo likafutwa. Lote lilidumu takriban saa sita. Huyo alikuwa rais halali aliyechaguliwa. Na Park, baba wa mradi wa siri, alipigwa risasi mezani wakati wa chakula, tarehe 26 Oktoba 1979, na mkuu wake mwenyewe wa ujasusi. Nani angekuwa na ufunguo wa bomu saa moja baada ya hapo? Najua utanijibu kwamba rais wa Marekani naye haombi ruhusa ya mtu. Kweli. Lakini wasiwasi wa ufunguo mmoja hauponi kwa kuchonga wa pili.

Wasiotaka mbwa kabisa

Wapo, na hawapaswi kusahauliwa mdahaloni. Wilaya ya Hapcheon, kusini mwa Korea, huitwa Hiroshima ya Korea. Wakorea wengi waliokuwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, wakati nchi yao ikiwa koloni la Japani, walitokea huko, na hadi leo kuna makazi ya kuwatunza manusura. Ukitaka kujua hilo linatuhusu nini, urani ya bomu lile sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na watu ambao wajukuu wao wanaongea Kiswahili hiki tunachosomeana.

Afrika yetu ilichagua njia hii. Afrika Kusini ilikuwa imetengeneza mabomu sita, ikayabomoa. Rais De Klerk akalieleza bunge Machi 1993. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kazi 2009, unalifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha hizo. Ila tuwe wakweli. Afrika Kusini iliyaachia baada ya wanajeshi wa Cuba kukubali kuondoka Angola na hofu kupungua. Ukraine ilisaini makubaliano ya Budapest Desemba 1994, ikakabidhi vichwa ambavyo namba zake za siri zilikuwa Moscow hata hivyo, ikabaki na karatasi ya ahadi, na unajua yaliyofuata 2014 na 2022. Kuishi bila mbwa kunawezekana mtaa ukiwa umetulia. Mtaa wa Seoul haujatulia.

Ningesimama wapi

Ningepinga mada. Ningechagua mwavuli, na ningeutetea kwa kasoro zake zote, kwa sababu Kim hahitaji kuwa na uhakika kwamba Marekani itajibu. Inatosha asiwe na uhakika kwamba haitajibu. Familia za wanajeshi wa Kimarekani wako ndani ya shabaha yake. Seoul ikiungua, wao wanaungua nayo, na hakuna rais wa Marekani atakayekaa kimya akiwapokea kwenye majeneza. Hicho ndicho kibao kinachosomeka vizuri kuliko nyambizi yoyote bandarini.

Ya kuazima ningeiweka mwisho kabisa. Inatoza bei ya njia ya tatu na kukupa kinga ya njia ya kwanza.

Bomu la nyumbani ni la pili, na umbali kati yake na la kwanza unapungua. Jambo moja lingenifanya nibadili upande kesho: wale 28,500 wakifungasha. Nambari ikishuka kidogo, nitasubiri. Ikishuka kama 1971, hesabu za Park zitarudi mezani, na safari hii sitamwona mkorofi.

Kwa hiyo, vijana, mkipewa upande wa kutetea, anzeni na De Gaulle na muwe na jibu la wale wauza urani. Mkipewa kupinga, anzeni na anga nyekundu ya Gangneung. Na atakayemtaja Gaddafi, mhesabieni 1953 hadi 2006.